Meno ya Mkanda na Bomba la Moto: Jinsi ya Kulinda Ekzosi ya Pikipiki ya Theluji

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Theluji tunayoijua sisi wa Nanyuki ni ile inayong'aa juu ya Mlima Kenya asubuhi na mapema, kabla mawingu hayajaufunika. Tunaitazama tu kwa mbali. Lakini katika milima ya magharibi mwa Kanada na Marekani, theluji huanguka ikalala chini kwa kina cha mita mbili na hata zaidi, na watu hupita juu yake kwa chombo kiitwacho pikipiki ya theluji. Makala haya yanahusu sehemu moja tu ya chombo hicho, nayo ni bomba la kutolea moshi, yaani ekzosi, na namna ya kulikinga lisiharibiwe na mkanda unaozunguka karibu nalo.

Nimeichagua mada hii kwa sababu mbili. Kwanza, mjomba wangu ni makanika wa vyombo hivyo huko British Columbia. Alipotutembelea likizo ya Desemba, yeye na baba, ambaye ni fundi wa kuchomelea vyuma, walikaa karakanani siku tatu wakibishana juu ya ekzosi, nami nimeshika tochi kwa mkono mmoja na daftari kwa mkono mwingine. Pili, katika mjadala wa chama chetu muhula uliopita, mwenzetu mmoja alisema ati Kiswahili ni lugha ya mashairi na methali, ikifika kwenye injini inakwama. Mimi sitambishia kwa maneno. Asome tu hadi mwisho, kisha aniambie ni wapi pamekwama.

Tuanze na chombo chenyewe. Mbele kina skii mbili ambazo dereva huzigeuza kwa usukani uliofanana na wa baiskeli. Nyuma hakina gurudumu. Badala yake kuna mkanda mpana wa mpira unaozunguka bila mwisho, kama ule wa katapila la kutengenezea barabara, ila wa katapila ni wa chuma, na huu ni wa mpira uliotiwa nyuzi ngumu ndani pamoja na vijiti vinavyokatiza upana wake ili usijikunje. Upana huo ni kama sentimita 38 hadi 40. Katika pikipiki za milimani, ukiukata mkanda na kuulaza chini, urefu wake hupita mita 4. Upande wake wa nje umeota meno ya mpira. Pikipiki zinazopita katika njia zilizoshindiliwa zina meno mafupi ya kama sentimita 3, lakini za milimani, ambazo ni kama zinaogelea katika theluji laini, zina meno yanayofika sentimita 7.5. Yakumbuke meno hayo. Ndiyo mshtakiwa wetu wa kwanza.

Injini iko mbele. Nguvu zake huzungusha ekseli yenye magurudumu ya meno, na hayo ndiyo yanayouvuta mkanda. Juu ya mkanda kuna kifuniko kirefu cha alumini chenye umbo la mfereji uliopinduliwa. Mafundi wa huko hukiita handaki, nami nitakiita hivyo hivyo. Dereva huketi juu ya handaki, na mkanda huzunguka chini yake.

Mpango huu wa magurudumu ya meno na mkanda wa mpira una historia ya kusikitisha. Joseph-Armand Bombardier alikuwa makanika wa kijiji cha Valcourt, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Katika majira ya baridi ya mwaka wa 1934, mwanawe mdogo Yvon aliugua ugonjwa wa tumbo uliohitaji hospitali. Barabara zilikuwa zimefunikwa na theluji, na chombo alichokuwa akikitengeneza baba yake hakikuwa tayari. Mtoto akafariki. Mwaka wa 1937 Bombardier alipata hataza ya mtambo wake wa mkanda na magurudumu ya meno, na mwaka wa 1959 ikatoka Ski-Doo, pikipiki ndogo ya theluji ya mtu mmoja au wawili. Leo wengi huziendesha kwa kujifurahisha, lakini mimi nikitazama picha yake siwezi kusahau kwamba chanzo chake ni barabara iliyofungwa na mtoto mgonjwa.

Sasa tabo. Wanaosafiri kwa lori hadi Eldoret wanajua injini inavyochoka ikikaribia Timboroa, mahali palipo zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Si mlima peke yake unaoichosha. Hewa yenyewe ni nyepesi. Katika kimo cha mita 2,500, kani ya hewa ni kama robo tatu tu ya ile ya Mombasa, kwa hivyo injini inavuta pumzi ndogo na kuchoma mafuta machache. Tabo huondoa taabu hiyo. Ni feni mbili katika fimbo moja. Feni ya kwanza huzungushwa na moshi unaotoka kwenye injini kwa kasi, na ya pili husukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Hataza ya wazo hilo aliipata mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, mwaka wa 1905. Fimbo hiyo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, bwana, na nguvu zake zote zinatoka kwa moshi ambao vinginevyo ungetupwa bure.

Lakini kila kizuri kina bei yake. Moshi unaofika kwenye tabo ya injini ya petroli iliyokazwa sana unaweza kupita nyuzi 800. Alumini huyeyuka kwa nyuzi 660. Hebu fikiria, mpenzi msomaji: bomba lililojaa moshi wa moto kiasi hicho linapita sentimita chache kutoka kwenye handaki la alumini, na ndani ya handaki hilo unakimbia mkanda wa mpira. Ni kama kuweka jiko la makaa kando ya godoro.

Kwa miaka mingi, tabo nyingi za milimani zilikuwa za kufungwa na mafundi baada ya pikipiki kununuliwa. Baadaye viwanda vikaanza kuzifunga vyenyewe hata katika zile injini nyepesi za mapigo mawili: Ski-Doo katika matoleo ya mwaka wa 2020 na Polaris katika matoleo ya mwaka wa 2022. Katika zile za kiwandani ekzosi imepangiwa mahali pake tangu mwanzo. Kazi kubwa iko kwa zile za kufungwa, kwa sababu fundi anatafuta pa kupitisha bomba nene kama mkono wa mtu mzima katika chumba ambacho hakikuachiwa nafasi hiyo. Mara nyingi bomba hushuka kutoka kwenye tabo, likapita kando ya ukuta wa mbele wa handaki, kisha likatokea ubavuni au chini ya tumbo la pikipiki. Wengine hulipeleka nyuma juu ya handaki, chini ya kiti. Yamaha walipitisha ekzosi huko nyuma katika pikipiki zao za RX-1 na Apex, ingawa hizo hazikutoka kiwandani na tabo. Kwa njia yoyote ile, kati ya bomba na meno kuna bati jembamba tu, na pengine fundi amelikata bati hilo ili ajipatie nafasi.

Mtu anaweza kuuliza: mkanda uko ndani ya handaki na unazunguka mahali pake, utaifikiaje ekzosi iliyo nje?

Panda baiskeli isiyo na madigadi upite kwenye tope wakati wa masika. Shati lako litakujibu. Gurudumu linapozunguka, sehemu ya chini hugusa ardhi, lakini sehemu ya juu hukimbia mbele kuliko baiskeli yenyewe, na tope lililonata hurushwa. Mkanda hufanya vivyo hivyo. Upande wake wa chini umeshika theluji. Upande wa juu, ule ulio ndani ya handaki, unakimbia kuelekea mbele ukiwa umebeba kila kilichonasa kati ya meno: theluji, barafu, vijiti, na pengine kokoto. Ukifika kwenye ekseli ya mbele, mkanda hukata kona kali kushuka chini. Mizigo yake haiwezi kukata kona hiyo, hivyo huenda moja kwa moja na kugonga ukuta wa mbele. Na ukuta wa mbele, kama nilivyosema, ndipo bomba linapopita.

Nilifanya hesabu na wenzangu wawili wanaosoma fizikia. Pikipiki ikienda kilomita 100 kwa saa, mkanda unazunguka kwa mita 28 hivi kwa sekunde. Magurudumu ya ekseli ya mbele yana nusu kipenyo cha karibu sentimita 10. Ukizidisha mwendo kwa mwendo, kisha ukagawanya kwa nusu kipenyo, unapata karibu mara 800 ya mvutano wa dunia. Maana yake ni kwamba kipande cha barafu cha gramu 10 kinavutwa kutoka kwenye jino kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 8! Hapo hatujahesabu urefu wa meno, maana ncha ya jino iko mbali zaidi na inakimbia zaidi.

Nguvu hiyo hiyo haivuti barafu peke yake. Inauvuta mkanda wenyewe. Mkanda uliolegea ukizungushwa kwa kasi huvimba na kuachana na ekseli, na ukivimba unakaribia handaki. Ukilegea kupita kiasi, huruka meno ya gurudumu kwa mlio wa ta-ta-ta na kulipiga bati la juu kama mtu anayepiga debe.

Hapa ndipo penye kiini cha mambo yote, na ndipo mjomba na baba walipobishana sana. Nafasi unayoipima karakanani, pikipiki ikiwa imesimama na imepoa, si nafasi utakayokuwa nayo mlimani. Mkanda huongezeka kwa kuvimba. Bomba nalo huongezeka kwa joto. Chuma kisichoshika kutu kinachotumiwa kwa ekzosi, kikipashwa nyuzi 700 zaidi, hurefuka kama milimita 12 kwa kila mita moja. Halafu injini imeketi juu ya vikalio vya mpira, na dereva akivuta mafuta kwa ghafla injini hujitikisa na kulivuta bomba pamoja nayo. Vikalio hivyo vikizeeka, mtikisiko unazidi. Kwa hivyo fundi aliyeacha sentimita moja na nusu akadhani ameacha nafasi ya kutosha, huenda hakuacha chochote.

Mjomba alitusimulia juu ya mteja aliyetoa mkanda wa meno ya sentimita 6.3 na kuweka wa meno ya sentimita 7.5 ili apande miteremko mikali zaidi. Ekzosi hakuigusa. Si ni mkanda tu aliobadilisha? Kumbe kila jino lilikuwa limeongezeka milimita 12, na nafasi imepungua kwa milimita zizo hizo. Safari ya pili alirudi akivutwa na mwenzake. Ncha za meno zilikuwa zimeungua na nyingine zimenyofoka. Bomba lilikuwa limebonyea kama mtungi wa bati uliokanyagwa, na pale lilipochomelewa pamefunguka ufa wa urefu wa kidole. Moshi wa moto ulikuwa umeanza kuyeyusha plastiki ya ubavuni. Alishukuru Mungu kwamba bomba la petroli lilikuwa upande wa pili.

Usione kwamba ni hasara ya chuma tu. Watu hao huingia milimani kilomita nyingi kutoka barabarani, ambako hakuna gereji wala matatu, na jioni baridi hushuka hadi nyuzi 20 chini ya sifuri na zaidi. Pikipiki ikizima huko, mtu anarudi kwa miguu katika theluji inayomfika kiunoni. Ufa ukiwa kabla ya tabo, moshi hupotea njiani na nguvu zinaisha palepale mlimani. Ufa ukiwa baada ya tabo, nguvu hubaki karibu vilevile, na kwa maoni yangu hiyo ni hatari zaidi kwa sababu dereva hana habari. Joto linapika nyaya polepole. Aidha, moshi una kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa. Haina rangi wala harufu. Ndiyo maana injini haiwashwi ndani ya banda lililofungwa, hata kwa dakika chache za kujaribu.

Baba, kama fundi wa huku, alikuwa na jibu moja: bati nene. Matatu na pikapu zinazopita barabara za mawe za Laikipia huletwa kwake zikiwa zimepasuka ekzosi, naye huwachomelea wenye magari kipande cha chuma chini ya bomba, mambo yakaisha. Hata magari ya Safari Rally, ambayo tangu mwaka wa 2021 yamerudi katika mashindano ya dunia kule Naivasha, hukingwa tumbo kwa bati nene. "Shemeji," akamwambia mjomba, "weka chuma cha milimita sita, uone kama hilo jino litapita."

Mjomba alicheka. Alisema kwa gari la Naivasha hilo ni sawa, maana adui yake ni jiwe, nalo hugonga likaenda zake. "Lakini huku, shemeji, adui ni meno yanayopita mahali palepale mamia ya mara kwa sekunde. Ukiweka bati lenye ukingo unaoyatazama, umeweka kisu. Bati halitakatika. Mkanda ndio utakaokatika." Tena chuma cha milimita sita ni kizito, na pikipiki ya milimani hununuliwa kwa wepesi wake. Baba alinyamaza kidogo, kisha akaomba kuchorewa. Ndipo nikaanza kuandika.

Kwa mjomba, bati la kinga ni jambo la tatu. La kwanza ni njia ya bomba. Bomba lipitishwe mbali na mkanda kadiri inavyowezekana hata kama litapindwa mara moja zaidi, na lishikwe na vishikio imara pande mbili, lisining'inie kutoka kwenye tabo kama mbuzi aliyetundikwa buchani. Hata hivyo kushikwa imara si kufungwa kabisa. Kwa kuwa bomba hurefuka likipata moto, lazima liachiwe mahali pa kuhemea. Mafundi huweka kipande cha bomba kinachonyumbulika, kilichosukwa kwa nyaya za chuma, au hulikata bomba vipande viwili vinavyoingiana na kuvifunga kwa springi. Springi hizo zinaonekana kama mchezo wa watoto, lakini bila hizo bomba hujipasua lenyewe kwenye viungo kabla hata mkanda haujaligusa.

La pili ni kukaza mkanda. Nyuma ya pikipiki kuna bolti mbili, moja kila upande, za kuusogeza mhimili wa nyuma. Sehemu ya nyuma huinuliwa, mkanda huvutwa chini kwa uzito uliotajwa katika kitabu cha pikipiki, halafu hupimwa umening'inia milimita ngapi. Ukilegea, tumeshaona matokeo yake. Ukikazwa mno, unakula nguvu za injini na kuchosha beringi. Bolti zikazwe sawasawa pande zote mbili, la sivyo mkanda utakimbilia upande mmoja na kujisugua kandoni. Mkanda mpya hutanuka kidogo katika safari za kwanza, kwa hivyo hupimwa tena mapema.

Ndipo tufike kwenye bati. Mjomba hutumia bati la chuma kisichoshika kutu, jembamba la milimita moja na nusu hivi. Siri yake haiko katika unene. Iko katika umbo. Bati hupindwa liwe na mgongo wa mviringo, na ukingo wake unaokutana na meno kwanza hulazwa nyuma, ili jino likigusa liteleze juu yake lisinase. Ribiti huwekwa vichwa vyao vya duara vikitazama mkanda, na mikia yake upande wa bomba. Hakuna bolti inayochomoza kuelekea mkanda. Tena bati lisiguse bomba. Kati yao huachwa nafasi ya hewa ya sentimita moja au zaidi, kwa sababu bati likigusana na bomba halikingi joto, linalisafirisha tu hadi kwenye handaki. Kwenye nafasi hiyo huachwa tundu upande wa chini, maji yatoke. Baba alipoona mchoro huo alisema, "Kumbe ni madigadi." Naam, ni madigadi, ila ina kazi mbili, kuzuia meno na kuzuia moto.

Wengine huizungushia ekzosi utepe mnene wa kuzuia joto wakidhani wameivisha silaha. Utepe huo hupunguza kweli joto linalotoka nje, lakini haumzuii adui anayegonga. Isitoshe, theluji ikiyeyuka utepe hunyonya maji na kuyakumbatia, na bomba la chuma cha kawaida hupata kutu chini yake pasipo mtu kuona. Mimi, kwa niliyoyasikia, nisingeutumia mahali palipo karibu na mkanda.

Sasa utajuaje kama nafasi inatosha, na umeshaambiwa kwamba kipimo cha karakanani kinadanganya? Hapa palinifurahisha kuliko pote, kwa sababu dawa yake ni vitu vya darasani. Fundi huchukua udongo laini wa kufinyangia, akabandika vidonge vyake juu ya bati la kinga na juu ya bomba likiwa baridi. Halafu huukandamiza mgongo wa pikipiki hadi springi zote zilale, kama vile imeruka ikatua, na kuuzungusha mkanda polepole kwa mkono. Baadaye huvitoa vidonge na kupima unene uliobaki. Kipimo hicho hukitoa milimita za bomba kurefuka, milimita za injini kutikisika, na za mkanda kuvimba. Kinachosalia ndicho nafasi ya kweli. Baada ya hapo hupaka chaki au rangi nyeupe juu ya bati, akaipeleka pikipiki kwenye theluji kwa safari fupi. Akirudi hutazama. Chaki ikiwa imefutwa kwa michirizi iliyonyooka, mkanda umegusa. Ikiwa na madoa yaliyotawanyika, ni barafu tu iliyorushwa, na bati limefanya kazi yake.

Barafu nayo ina wakati wake mbaya, nao ni asubuhi. Jioni, theluji iliyorushwa kwenye ekzosi ya moto huyeyuka na kutiririka ndani ya handaki. Injini ikizimwa, maji hayo huganda usiku kucha na kuushika mkanda kama saruji. Asubuhi dereva mwenye haraka huvuta mafuta kwa nguvu, na mabonge ya barafu hung'oka yote pamoja na kugonga mbele. Basi wenye busara hutikisa theluji kabla ya kulaza pikipiki, wakaiegesha juu ya mbao badala ya theluji yenyewe. Asubuhi huilaza ubavu na kugonga barafu itoke kabla ya kuiwasha. Wakiinua nyuma ili mkanda uzunguke hewani, hakuna anayeruhusiwa kusimama nyuma yake, kwani jino lililokatika au kipande cha barafu hutoka hapo kama jiwe la kombeo.

Ikiwa ufa umekwisha tokea, haufai kuzibwa tu juu juu. Mjomba alimwonyesha baba kwa ekzosi kuukuu ya pikapu. Kwanza ufa husuguliwa hadi chuma kionekane cheupe, ili mwisho wake uonekane vizuri, maana macho hudanganyika na masizi. Kila mwisho wa ufa hutobolewa tundu dogo kwa keekee, la sivyo ufa utaendelea kutembea hata baada ya kuchomelewa. Kisha huchomelewa, tundu na ufa pamoja, kwa waya wa chuma cha aina ile ile. Bomba likipoa hurudishwa, springi zinafungwa, vidonge vya udongo vinabandikwa upya na mkanda unazungushwa kwa mkono. Injini huwashwa nje uwanjani, si bandani, mpaka bomba lipate moto kabisa, halafu kila bolti hukaguliwa na kukazwa kwa spana. Chaki hupakwa mara ya mwisho, na mwenye pikipiki hukabidhiwa ufunguo wake na kuambiwa arudi baada ya safari moja, chaki isomwe.